Wapiga karate mnaosafiri mnafanyaje? Natizi kila siku gesti lakini nikirudi Kigoma napigwa na watoto

#1 FundiJua
Wakuu habari za jioni. Mi fundi sola, makazi yangu Mwanga hapa Kigoma, karate ya Shotokan mwaka wa sita, mkanda wa kahawia. Kazi yangu ni ya njiani, wiki tatu hadi nne niko nje, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, kuna kipindi naingia mpaka Sikonge, alafu narudi nyumbani wiki moja au mbili natoka tena.

Sasa naomba tuelewane kabla hamjaanza, tatizo langu SIYO uvivu. Natizi kila siku. Hapa naandika niko gesti Kaliua nimetoka kuoga baada ya mazoezi. Chumba kina kitanda cha tano kwa sita, stuli, ndoo, na nafasi iliyobaki kati ya kitanda na mlango nikishuka zenkutsu moja, ule msimamo mrefu wa goti la mbele kukunjwa, kisigino cha nyuma kinagusa ndoo. Saa kumi na moja alfajiri niko macho, pushapu 60, kuchuchumaa 100, kata (yale mapigo ya kupangwa ya kufanya peke yako) za Heian zote tano, Tekki Shodan mara nne, ngumi za kusimama mpaka mkono uwe mzito. Saa nzima. Sijaruka hata siku moja tangu mwezi wa tatu nilipoanza kazi hii ya kusafiri.

Nikirudi dojo kuna kijana mmoja mkanda wa kijani, miaka 19, zamani nilikuwa namchezea ninavyotaka. Safari tatu mfululizo ananigonga kifuani yuleyule kwa ngumi ileile, na naiona inakuja jamani. Yani naiona. Sasa swali, kwa mtu ambaye anatizi kila siku safarini, ni kitu gani hasa kinachopotea?

#2 MlaMgebuka
Kinachopotea ni ujana. Yeye 19, wewe hukutaja. Uzi ufungwe.

#3 Mapafu
Mkuu ni pumzi hiyo, usitafute mchawi. Nguvu za misuli mtu anaweza kukaa nazo mwezi mzima bila kupungua sana lakini pumzi ndani ya wiki mbili tatu imeshaanza kushuka, na damu yenyewe ule ujazo wake unaanza kupungua siku za mwanzo tu ukiacha kuhema kwelikweli. Utaniambia natizi saa nzima. Sawa, ila kata ya chumbani kwa mpangilio wako mwenyewe haikutoi ulimi nje. Jiulize mara ya mwisho kuhema mpaka ukaona nyota ilikuwa lini. Ukija kupambana dakika ya kwanza uko sawa, ya pili mikono inashuka, dogo anaingia.

#4 MwishoWaReli
Napingana na #3 kidogo. Mi natembea sana na treni, Kigoma Tabora ni kama kilomita 400 na daraja la tatu unajua mwenyewe, unaweza kukaa umekunja magoti kuanzia stesheni mpaka kunakucha. Nyonga zinafunga. Mtu anayekaa kwenye basi au pikipiki kutwa nzima alafu asubuhi anapiga kata saa moja, masaa mengine yote nyonga inajifunza kukaa. Kwaiyo ngumi anaiona, kichwa kinasema toka, kiuno kinasema subiri kwanza nijinyooshe. Ndo maana anasema naiona inakuja.

#5 Mzee_Kibirizi
Nimewasoma. Mimi wa Goju, mtindo mwingine wa karate, nimeanza zamani, wakati ule Goju inasambaa kutoka Dar baada ya Bomani yule Mmarekani mweusi kuileta miaka ya 70. Kijana mleta mada, unafanya kata nyingi mno. Heian tano na Tekki, saa moja, unakimbilia wapi? Sisi tukisafiri tulikuwa tunafanya kata ya Sanchin peke yake. Hatua tatu kwenda mbele, unapumua, unajikaza, unarudi. Inaenea hata kwenye choo cha gesti. Lakini uifanye kama kuna mtu anakupiga mgongoni.

#6 FundiJua
Shikamoo mzee. Asante kwa wote.
#3 siishiwi pumzi. Ananigonga sekunde za mwanzo mwanzo, jasho hata halijatoka.
#4 nyonga kweli zinabana, hilo siwezi kukataa, pikipiki ya kazini haina hata siti ya maana.
#2 nina 34 na usinichokoze.

#7 NesiKibondo
Mimi taekwondo, mwanamke, na kazi yangu inanipeleka vijijini Kibondo, Kakonko, Kasulu wiki mbili mbili. Nyie wanaume mnaongelea ndoo na kitanda, mie shida yangu ya kwanza ni mlango. Nikifika gesti naangalia komeo kabla sijaangalia kitanda, na mazoezi nje saa kumi na moja alfajiri mtanisamehe, sithubutu.

Kwaiyo nafanya ndani, kanga kiunoni, nashika ukingo wa kitanda, nanyanyua goti, nanyoosha teke polepole mpaka lifike, nahesabu nane, narudisha goti, ndo nashusha. Mara ishirini kila mguu. Ukilifanya taratibu hivo huwezi kujidanganya, teke la haraka linaficha uongo mwingi sana. Na halina kelele. Maana niliwahi kupiga kelele ya teke, ile ya tumboni kabisa, nimejisahau, mhudumu akagonga mlango anauliza dada uko salama nimwite bosi?? Tokea siku hiyo kelele naimeza.

Ila matokeo ni yaleyale kama ya mleta uzi. Mguu uko juu, uko safi, na nikirudi wananipiga. Kwaiyo siyo nyonga #4, mie nyonga zangu ziko vizuri kuliko nilivyoondoka.

#8 JudoMwembeni
Ngoja judo tuseme. Mnachokosa ni mtu. Basi. Mi niko Tabora mjini, nikienda Nzega au Igunga kwenye mizigo natembea na tyubu ya baiskeli kwenye begi. Naifunga kwenye mti usawa wa kifua, nashika ncha mbili kama nimeshika kola na mkono wa gi, nguo ya mazoezi, naingia natoka, naingia natoka, uchikomi mia mbili. Mgongo unaungua, mguu unakaa mahali pake, kila kitu kizuri. Tatizo tyubu haijawahi kunivuta kabla mimi sijaivuta. Mti haubadilishi mawazo. Kano alipoanzisha judo 1882 alikazania randori, watu washikane kila mtu anataka kumwangusha mwenzake, kwa sababu hiyohiyo. Peke yako unabaki na umbo la kitu, kitu chenyewe kimeenda.

#9 Asali_Mbichi
#8 huo mti nina hakika ni mwembe. Tabora hata judo mnacheza na miembe. Mwangaluka!

#10 JudoMwembeni
Mwangaluka. Ni mwembe ndio, na mwenyewe alinifukuza maana msimu ulikuwa wa maembe na kila nikivuta linadondoka moja. Kaniambia kama unataka maembe omba, usilete mambo ya Kijapani.

#11 DerevaSemi
Hahaha. Nyie wa ndani ya chumba mna nafuu. Mie nasukuma semi, nalala ndani ya gari, chumba sina. Nikafuata ushauri wa mtu kama #3, nikasema nitakimbia kutafuta pumzi. Kijiji kimoja huko Urambo, saa kumi alfajiri, giza, nimevaa suruali ya gi nyeupe maana ndo ilikuwa safi. Nimekimbia labda dakika sita natokea kwenye njia panda nakutana na sungusungu. Wanaume kama saba, mishale na tochi. Kaa chini! Nikakaa. Unakimbia nini? Mazoezi. Mazoezi gani saa hii na suruali ya kulalia? Nikasema karate. Mzee wao akasema haya ionyeshe.

Wakuu nimefanya Heian Shodan mbele ya mishale. Hatua 21 sijawahi kuzifanya vizuri namna ile maisha yangu yote. Ile ngumi ya tatu ya kupiga kelele nimepiga kelele mpaka mbwa wakaamka. Mzee akanyamaza, akauliza, "sasa kuna mtu hapa ulikuwa unampiga au ulikuwa unacheza tu?" Wakanisindikiza mpaka kwenye gari. Sungusungu wameanza miaka ya 80 mwanzoni hukohuko kwa Wanyamwezi na Wasukuma kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, siwalaumu hata kidogo, suruali nyeupe gizani ni ya mwizi au ya mchawi.

#12 MlaMgebuka
Huyo mzee wa sungusungu ndo sensei mwenyewe. Mleta uzi kajibiwa na mtu ambaye hata bando hana.

#13 Mgeni_Tu
Samahani mi bado mkanda mweupe naomba kuuliza. Si muende tu kwenye dojo ya mji mliofikia?

#14 MwishoWaReli
#13 mdogo wangu kaa hapa nikusimulie. Nilifika mji mmoja sitautaja, nikaulizia, nikaelekezwa ukumbi. Nimeingia na mkanda wangu wa kahawia kiunoni najiona. Siku ya kwanza wamenipokea vizuri, maji, kiti, pole na safari. Siku ya pili wananiangalia. Si unajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Ya tatu wakanipa jembe. Wamenipanga na watu sita mfululizo bila kupumzika na wa mwisho alikuwa ndo mwalimu. Nililala ubavu mmoja wiki nzima.

Baadaye ndo naambiwa na wakubwa kwamba ukiwa mgeni unamtafuta kwanza mwalimu, unajitambulisha unatoka kwa nani, unauliza uvae mkanda gani, na wengine huvaa mweupe kabisa kwa heshima. Mi niliingia tu kama sokoni.

Ila niseme ukweli, niliporudi Kigoma safari ile ndo safari pekee sikupigwa. Wote waliona nimebadilika.

#15 JudoMwembeni
#14 umeona sasa? Mtu. Nilisema #8.

#16 Mzee_Kibirizi
Hapana. #14 hakubadilika kwa sababu alipata watu, alibadilika kwa sababu aliogopa. Akirudi nyumbani hofu bado iko safi mwilini. Mtu anayefanya mazoezi chumbani peke yake haogopi kitu chochote, na mwili usioogopa unachelewa. Mzee wa sungusungu na mishale yake kamfanyia dereva kazi hiyohiyo.

Na mleta mada alitaja Heian. Nimeona vijana wengi wanadhani alizitunga Funakoshi. Alizitunga Itosu wa Okinawa kwa ajili ya wanafunzi wa shule, zikiitwa Pinan. Funakoshi, yule aliyekwenda kuonyesha karate Tokyo mwaka 1922, yeye alibadilisha jina.

#17 FundiJua
Mzee hakuna mtu aliyesema alizitunga Funakoshi 😂 lakini asante.

#18 Mzee_Kibirizi
Nimetangulia. Mlikuwa mnaelekea huko.

#19 HatuaMoja
Nimesoma toka juu na nashangaa hakuna aliyesimama kwenye ile sentensi ya posti ya kwanza. Mleta uzi umeandika kisigino kinagusa ndoo. Wiki tatu kila asubuhi kisigino kinagusa ndoo. Sasa mwili ukigusa ndoo siku ya kwanza, siku ya pili unafanyaje? Unafupisha. Siku ya tano hata hujui kama unafupisha. Unarudi dojo na hatua za gesti.

Mi nilikuwa fundi nguo kwenye chumba kidogo Ujiji nikawa nafanyia mazoezi kati ya cherehani na ukuta, mwalimu akaniambia ngumi yako inaishia shibiri moja kabla ya mtu. Sikuamini mpaka aliponiwekea chaki sakafuni. Kesho asubuhi FundiJua nenda uani penye vumbi, futa nyayo, piga hatua moja ya zenkutsu bila kufikiri, pima. Alafu piga ile ya ndani, pima.

#20 FundiJua
#19 ngoja kuche.

#21 DerevaSemi
Huku tunasubiri vumbi, mi nina wazo lingine. Kigoma mjini pale ziwani ni chini, kama mita 770 na kitu juu ya bahari. Tabora inafika kama 1,200, Kasulu nako ni juu. Mtu anazoea hewa ya juu akishuka ziwani na lile joto na unyevu anakuwa mzito. Si ndo maana wakimbiaji wanaenda milimani?

#22 Mapafu
Wazo umeligeuza kichwa chini mkuu. Wanaotoka juu wakishuka wanakuwa wepesi siyo wazito. Na hizo mita hazitoshi kubadilisha damu ya mtu. Iten kule Kenya wanakokimbilia wanariadha ni 2,400 huko, siyo Kasulu. Joto na unyevu sawa nakupa, ila yeye ni mwenyeji wa hapo, siku mbili tatu ashazoea.

#23 FundiJua
Wakuu kumekucha na nimepima. Uani kwa gesti, mhudumu anafagia ananiangalia. Hatua ya kwanza niliyopiga bila kufikiri, kutoka kisigino cha nyuma mpaka kidole cha mbele, nimepima kwa tepu ya kazini: sentimita 104. Nikasimama, nikakumbuka ile tunayofanya dojo, nikashuka vizuri: 127.

Sentimita 23.

Nimekaa kwenye ngazi kama dakika kumi siongei na mtu.

#24 MlaMgebuka
Sentimita 23 ni samaki mgebuka mzima huo kasoro kichwa.

#25 HatuaMoja
Sina la kuongeza.

#26 NesiKibondo
Mimi ninalo. Hatua fupi inaeleza kwa nini ngumi YAKE haifiki. Haielezi kwa nini ya dogo inafika. Mtu amesema tangu #1 anagongwa, hajasema anakosa. #25 usishangilie mapema.

#27 HatuaMoja
Dada ukisimama kwa ufupi uko karibu zaidi na mtu bila kujua, na kurudi nyuma unarudi nusu. Unadhani umetoka kumbe bado upo. Ndo ile "naiona inakuja".

#28 NesiKibondo
Mh. Hiyo nimeielewa. Lakini mie mazoezi yangu yamesimama palepale naangalia ukingo wa kitanda, sipigi hatua hata moja, hakuna ndoo, na napigwa vilevile. Na raundi zetu ni dakika mbili mbili mara tatu, nafika ya tatu nikiwa nahema vizuri tu, kwaiyo #3 naye akae pembeni. Mi nadhani ni hivi: ukiwa peke yako wewe ndo unaamua saa ya kuanza. Kila siku, wiki tatu, hakuna hata mara moja mtu mwingine aliyeanza.

Sasa hivi nimepata dawa kidogo, siyo kubwa. Binti wa mama mwenye gesti Kibondo, darasa la sita, nampa ndala. Anakaa kitandani ameshika ndala nyuma ya mgongo, akitaka anaitoa kulia au kushoto au hatoi kabisa, mi napiga ndala. Ananitesa yule mtoto, anajifanya anatoa alafu anacheka. Malipo yake ni soda.

#29 Asali_Mbichi
Hii ya ndala ndo bora kuliko zote nimeibeba. Kuna mwingine hapa anabishana mambo ya mita za bahari.

#30 DerevaSemi
Nimekusikia.

#31 Mzee_Kibirizi
Habari ya ndala imenikumbusha. Zamani nikisafiri na Liemba kuelekea kusini, Kalya, Kirando, mpaka Kasanga, nilikuwa nasimama juu usiku watu wamelala, nafanya Sanchin. Meli inayumba. Ziwa lenyewe lina kina kinafika mita 1,470 chini yako, na wewe umesimama unashika sakafu kwa vidole vya miguu. Pale ndipo nilielewa nini maana ya kushika sakafu, miaka yote nilikuwa naambiwa tu. Meli haikwambii sasa nayumba kulia. Kwa hiyo namkubali nesi kwa hilo, ila si lazima awe mtu. Meli ile ya mwaka 1927 ilinifundisha kuliko watu wengi.

#32 Asali_Mbichi
Mzee heshima kwako ila Liemba siyo ya 1927. Wajerumani wameiunda 1913 kule kwao, ikaletwa vipandevipande, ikashushwa majini Kigoma 1915 kwa jina la Götzen, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaitoa 1924. 1927 ndo ilirudi kazini na jina la Liemba.

#33 Mzee_Kibirizi
Nimesema Liemba. Liemba ni ya 1927. Ya kabla yake ilikuwa Götzen.

#34 Asali_Mbichi
😂😂 nimepigwa kwa ngumi ileile naiona inakuja.

#35 MwishoWaReli
Mzee anasema kweli hiyo ya kuyumba. Jaribuni kwenye treni kati ya Nguruka na Uvinza, simama kwenye korido usishike kitu, magoti yamelegea, behewa likitupa unakwenda nalo kiuno tu miguu haitoki. Nusu saa mapaja yanawaka moto. Abiria watakuuliza kama umekosa siti, waambie ndio.

#36 Mgeni_Tu
Samahani tena. Karate si iko olimpiki? Hao wachezaji wakisafiri wanafanyaje?

#37 NesiKibondo
Ilikuwepo Tokyo ile iliyofanyika 2021, Paris 2024 haikuwepo. Taekwondo ndo ipo rasmi tangu Sydney 2000, na nasema hivi bila kujivuna hata kidogo. Na wao wakisafiri wanasafiri na mwalimu, na wenzao wa kupigana nao, na mtu wa kuwakanda misuli. Siyo ndoo.

#38 MlaMgebuka
"Bila kujivuna."

#39 FundiJua
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, siku tisa. Leteni viti.

Nilivyotoka Kaliua nikahamia gesti nyingine Urambo yenye ua, nikapiga mstari wa chaki 127 nikawa nafanyia pale, hakuna tena ndoo. Ndala nimefanya na mtoto wa mwenye duka jirani, yeye alitaka biskuti. Treni nimesimama kuanzia Nguruka kama #35 alivyosema mpaka mama mmoja akanionea huruma akanisogezea gunia nikae. Sanchin mzee nimejaribu, sijui kama nimeifanya, lakini nilijikaza.

Jana dojo. Nimepangwa na dogo. Ngumi ya kwanza imenigonga kifuani palepale.

Lakini sikilizeni. Ya pili sikugongwa. Nilitoka. Ya tatu nikamwingilia kabla hajamaliza. Ya nne akanigonga tena. Kwa jumla ni kama mbili kwa mbili, mwalimu alisimamisha akaniuliza umefanya mazoezi na nani huko. Nikasema na mtoto wa darasa la nne.

#40 HatuaMoja
Chaki!

#41 JudoMwembeni
Mtoto wa darasa la nne ni mtu. #8.

#42 Mapafu
Mbili kwa mbili na ya nne ukagongwa. Ya nne ndo ya mwisho? Pumzi hiyo.

#43 Mzee_Kibirizi
Alikuwa anamuogopa yule kijana safari hii. Siku tisa amekaa anamfikiria. Nilisema.

#44 MwishoWaReli
Hakuna aliyetaja nyonga na mtu kasimama treni nzima. Basi sawa.

#45 DerevaSemi
Kabla hatujagawana ushindi, FundiJua, hiyo ngumi inayokugonga kila mara ni ya mkono gani?

#46 FundiJua
Ya kushoto. Ile nzito ya nyuma. Kwanza yeye anasimama mguu wa kulia mbele.

#47 DerevaSemi
Subiri. Ni wa mashoto???

#48 FundiJua
Ndio, wa mashoto. Ndo peke yake pale dojo. Kwani sikusema?

#49 MlaMgebuka
Posti 48. Mzee kapanda meli, dereva kashikwa na mishale, mtu kapima vumbi kwa tepu, na kijana ni WA MASHOTO. Hukusema.

#50 JudoMwembeni
Basi ndo jibu. Mtu wa mashoto ukikaa wiki tatu hujamgusa lazima akupige, kila kitu chake kinakuja kutoka upande usiouzoea. Hakuna cha ndoo wala nini.

#51 NesiKibondo
Na mwezi wa pili, kabla hajaanza kazi ya kusafiri, alivyokuwa anamchezea anavyotaka, huyo kijana alikuwa anatumia mkono gani?